Mtoa Upepo na Behewa la Nne

Mzee huyu alitoa upepo kwenye breki za gari la moshi miaka ile ya Mdachi, yaani Mjerumani, na sikumwona hata siku moja akilipanda gari lenyewe. Ukimwuliza kwa nini, alikujibu, "Mwanangu, mimi ninajua kilichomo ndani." Kisha huyo, anaondoka zake kwa miguu kwenda kwao Mgeta, siku nzima ya kupanda mlima na mzigo wa chumvi kichwani, huku wenzake wanaokwenda Kilosa wamekaa kwenye mabehewa wanatafuna miwa.

Jina lake sitalitaja. Mwenyewe hakupenda litajwe na watu wa stesheni, alisema jina ni la nyumbani. Stesheni nzima ya Morogoro ilimwita Mtoa Upepo. Mimi nilimwita mjomba, kwa sababu alikuwa wa ukoo wa mama yangu, na kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Wazee wachache waliobaki hapa mjini ukiwauliza habari zake watakwambia, "Aa, yule aliyesahau behewa la nne." Hakusahau! Mimi ninajua hakusahau, na nilinyamaza miaka minne watu wakimwita msahaulifu mbele ya macho yangu. Haya ninayosimulia ni habari zake, lakini aibu iliyomo ni yangu.

Kwanza nieleze kazi yake, maana siku hizi kila mtu anajifanya anajua gari la moshi. Breki za mabehewa yale zilifanya kazi kwa upepo uliopita kwenye bomba chini ya gari zima. Gari likifika na kichwa kikaondolewa, upepo ulibaki umenaswa ndani ya kila behewa, na vile viatu vya chuma vinavyobana magurudumu vikaendelea kubana. Ukifunga kichwa kingine ukavuta hivyo hivyo, gurudumu halizunguki, linaburuzwa kwenye reli mpaka linashika moto. Kwa hiyo ilimpasa mtu apite behewa kwa behewa, ainame, avute waya ulio chini, upepo utoke psssss, kiatu kiachie. Mtu huyo alikuwa mjomba.

Wako wengine waliojaribu kazi hiyo. Walivuta waya, wakasikia psss, wakasogea mbele. Mjomba hakuondoka. Alishika waya, akafumba macho, akavuta pumzi zake saba taratibu, ndipo akaachia. Alisema upepo wa kwanza hutoka kwa hiari, wa mwisho ni mkaidi, lazima usubiriwe. Baada ya hapo alikigonga kiatu cha breki kwa nyundo yake ndogo. Kiatu kilichoachia kililia, kilichoshika kilinyamaza. Kisichomridhisha alikirudia mara ya pili na ya tatu, hata kama bwana mkubwa wa stesheni amesimama juu yake ameshika saa mkononi anapiga kelele za Kidachi.

Na alizungumza na mabehewa yale, basi! Mimi nilikuwa nikiuza vitumbua na uji pembeni mwa reli, kwa hiyo nilisikia kila kitu. "Wewe una kwikwi leo," analiambia behewa. "Wewe jana ulikuwa mzuri, nani amekuudhi?" Nikamwuliza siku moja, mjomba, vyuma vinasikia? Akanitazama kama mimi ndiye nisiye na akili. "Nani amekwambia ninavisemesha ili visikie? Ninavisemesha ili mimi nisiwe na haraka."

Palikuwa na fundi mmoja Mdachi, kijana mwenye ndevu nyekundu, aliyeletewa kutoka kwao chombo cha kupimia upepo, cha duara, chenye mshale. Akaja nacho kwa furaha. Mjomba akawa amelikataa behewa moja la mbao. Fundi akapima, mshale ukasema upepo hakuna. Akacheka, akampiga mjomba begani, akaamuru gari livutwe. Likavutwa. Mabehewa yote yakatembea, lile la mbao likaburuzwa kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Mjomba akaweka nyundo yake chini. Alikuja kwangu, akanunua vitumbua viwili, kimoja akampelekea yule fundi. Kuanzia siku hiyo fundi alikuwa akipima kwa chombo chake, kisha anamtazama mjomba usoni ndipo aandike.

Msidhani alikuwa malaika. Mvumilivu huyo wa vyuma hakuwa na uvumilivu hata chembe mbele ya uji. Nilimwonya kila asubuhi, "Mjomba, wa moto," na kila asubuhi aliuunguza ulimi wake, akanilaumu mimi. Tumbaku yake hakumpa mtu. Aliinunua Mkuyuni kila alipokwenda kuwaona ndugu, na ukimwomba alijifanya ana uziwi. Lakini akishuka kutoka Mgeta na kikapu cha njegere, aligawa kikapu chote kabla hajafika nyumbani, mkewe akabaki analalamika. Alisali sala zake zote, na katikati ya sala moja na nyingine alikuwa na mdomo mchafu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

Mdomo huo kazi yake kubwa ilikuwa moja, mume wangu.

Mume wangu alikuwa Mnyamwezi. Alikuja na kazi ya kutandika reli, akabaki, akapewa kazi ya kukaa behewa la mwisho na kupeperusha bendera ya kuondokea. Na Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu zamani za misafara ya pembe. Mimi mwenyewe kwa kweli niliolewa na mtani wangu, na nyumba yangu haikuwa na siku ya kununa. Mtani anakutukana mbele ya wakwe na hukasiriki. Anachukua kuku wako na humshitaki. Ukifa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha waliofiwa ili wasife nawe. Asiye na mtani ana upweke, nawaambieni.

Basi wale wawili walikuwa hawaonani kimya. Mjomba akitokea chini ya behewa, uso mweusi kwa mafuta, anaanza: "Mnyamwezi, kichwa chako kimekuwa bapa kwa mizigo ya watu, kofia ya Mdachi inakaaje?" Mume wangu anajibu, "Na wewe mguu mmoja mfupi kwa kutembea ubavuni mwa mlima, tambarare unaiwezaje?" Kila alfajiri gari lilipokuwa tayari, mjomba alisema maneno yaleyale kwa sauti ya kusikika stesheni nzima: "Leo msiondoke! Behewa la Mnyamwezi limeshika kwa uzito wa ugali aliokula!" Watu wanacheka, mume wangu anapeperusha bendera, gari linaondoka. Ilikuwa hivyo zaidi ya miaka miwili. Abiria wa mara kwa mara walikuwa wakiyangoja maneno hayo kabla hawajatulia kwenye viti.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya ukungu, mlima hauonekani. Behewa la nne lilikuwa limejaa pamba. Nilimwona mjomba amelala chini yake muda mrefu kuliko kawaida. Akavuta waya, akavuta tena, akagonga. Akatoka mbio, akaja mpaka kwa mume wangu aliyekuwa amesimama karibu na sufuria yangu ya uji.

"Mnyamwezi, usipeperushe bendera. La nne limeshika. Upepo hautoki."

Mume wangu akasema, "Limeshika kwa sababu ulikuwa umelilalia. Ondoka hapa na mguu wako mfupi."

"Wallahi limeshika. Si utani leo."

Jamani, na hilo pia alikuwa akilisema kila siku! "Wallahi, si utani leo." Ndilo lililowachekesha watu zaidi. Mume wangu akacheka mpaka akashika mbavu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaongeza langu: "Mjomba, mwache aende akafie mbele, mimi nipate mume mwenye kichwa cha mviringo."

Watu wote waliokuwa pale wakaangua kicheko. Bendera ikapeperushwa. Mjomba akakimbilia kwa dereva, akimpungia mikono yote miwili, na gari limekwishaanza kutembea. Akalifuata akipiga kelele, na abiria madirishani wakampungia mikono na wao, wanacheka, wanamwambia, "Kesho, mzee! Kesho!" Alikimbia mpaka mwisho wa ukuta wa ghala. Nilimwona akisimama pale, mikono kichwani, ndipo kicheko kiliponikauka.

Halikufika mbali. Gurudumu lilishika moto, cheche zikaruka, pamba ikawaka. Mume wangu alipita juu ya mabehewa kwenda kulifungua lile lililowaka ili moto usifike kwa abiria, na alilifungua, lakini akaanguka, mguu ukavunjika mahali pawili. Hakufa mtu. Behewa liliteketea na pamba yote ya serikali.

Walimrudisha mume wangu wakamlaza kwenye mkeka katika baraza la stesheni, na bwana mkubwa akaweka meza palepale akaanza kuuliza. Karani alitafsiri. Niliketi chini nimeshika kichwa cha mume wangu. Sote tulijua. Mwenye bendera aliyeonywa na bado akaruhusu gari, huyo ni kifungo cha mnyororo, na kwa mguu ule mnyororo ni kaburi.

Karani akamwuliza mjomba, "Ulimwambia mwenye bendera kwamba breki imeshika?"

Mjomba alimtazama mume wangu. Akanitazama mimi. Nami nikainamisha macho.

"Sikumwambia," akasema. "La nne nililisahau."

Yule fundi mwenye ndevu nyekundu akainuka kwenye kiti, akasema maneno mengi ya Kidachi kwa hasira. Karani hakuyatafsiri, lakini nilielewa. Alikuwa anasema mtu huyu hasahau. Bwana mkubwa akamkalisha. Mjomba alichapwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, uani kwa stesheni, akafukuzwa kazi. Waliokuwa wamesikia onyo lake asubuhi, wachuuzi na wapakizi, kila mmoja alitazama vidole vyake vya miguu. Tuliogopa. Sina neno jingine la kusema, tuliogopa.

Nilikwenda usiku huohuo kwa mke wa mjomba na mafuta ya nazi ya kumpaka mgongo. Nikamwambia, "Mjomba, kwa nini?" Alikuwa amelala kifudifudi. Akasema, "Mtani hamshitaki mtani mbele ya mgeni. Halafu kosa ni langu. Nimesema uongo huo miaka miwili, siku ya kweli nilitaka waijue kwa alama gani?" Nikamwambia nitakwenda kusema. "Useme nini? Wamfunge mumeo, na mimi mgongo wangu upone? Kaa kimya." Nikakaa kimya. Nilikuwa na ruhusa, na ruhusa hiyo ndiyo iliyonitesa.

Akarudi Mgeta kulima njegere na viazi. Alishuka siku za soko, na hapo ndipo palipoanza kuuma kweli. Mume wangu, aliyepewa kazi ya kulinda ghala kwa kuwa sasa anachechemea, alimngoja njiani. "Mguu mfupi!" akamwita mara ya kwanza walipoonana. "Tazama, na mimi nimekuwa Mluguru, mguu wangu mmoja mfupi!" Alicheka, anatazamia jibu.

Mjomba akashusha kikapu, akampa mkono. "Habari za asubuhi, bwana. Mguu unaendeleaje?"

Bwana! Mtani wako akikuita bwana, afadhali akupige kofi. Mume wangu alirudi nyumbani hakula. Akajaribu tena soko lililofuata, na lililofuata. Alimwibia mjomba kofia yake hadharani; mjomba akaenda kununua nyingine. Alimtukania mlima wake, alimtukania njegere, alimtukania mpaka tumbaku. "Asante, bwana." Mimi nilimwambia mjomba, mwonee huruma, anakonda. Akasema, "Mwanangu, nikifungua mdomo kufanya utani ninaona moto. Siwezi." Alisema kwa upole, na nikajua ni kweli hawezi.

Huku nyuma mji ukamaliza kazi yake. Mtu akisahau kufunga mlango wa banda la kuku, wanamwambia, umekuwa Mtoa Upepo. Mpishi akisahau chumvi, huyo naye behewa la nne. Mtu aliyevuta pumzi saba kwa kila behewa! Nilisikia hayo sokoni, msikitini, hata msibani, na kila mara nilikuwa na jibu mdomoni, na kila mara nililimeza kwa ajili ya mnyororo wa mume wangu. Hasira nilizitoa kwenye unga wa vitumbua. Vilikuwa vigumu miaka hiyo, wateja waliniambia.

Vita vilipofika, Wadachi walianza kufungasha. Siku hizohizo mume wangu alishikwa na homa, na mwili wake haukuwa na nguvu ya kupigana nayo. Siku ya mwisho aliniuliza, "Ukinizika, nani atakuja kunitania?" Nikamwambia Waluguru wamejaa mji mzima. Akasema, "Hao si wangu. Wangu hatakuja." Alifariki adhuhuri, na maneno yake ya mwisho ya maana yalikuwa hayo.

Saa ileile nilituma kijana wa mbio Mgeta. Sikutegemea kitu.

Kesho yake asubuhi ua ulijaa. Wanaume walikuwa chumbani wanamwosha marehemu, jeneza limewekwa tupu uani likimngoja. Mimi niko ndani na wanawake. Nikasikia mnong'ono nje, kisha mtu akasema, "Subhanallah, mzee, ondoka hapo." Nikasogea mlangoni.

Mjomba alikuwa amelala ndani ya jeneza. Amejinyoosha, miguu ina vumbi la njia ya usiku kucha, mikono kifuani, macho amefumba. Alikuwa amekonda na nywele zote nyeupe. Mwalimu wa madrasa alikunja uso, lakini alimwacha; utani wa msibani ni sheria nyingine.

"Sitoki," mjomba akasema, macho bado amefumba. Sauti yake ilitetemeka, ikasita, nikadhani itakatika. "Jeneza hili zuri mno kwa Mnyamwezi. Ninalichukua mimi. Akilitaka, mjane wake alikomboe kwa jogoo."

Watu walicheka kidogo, kwa wasiwasi. Mdogo wake marehemu akasema jogoo yupo, atashikwa. Lakini miguu yangu ilikuwa imekwishanitoa nje. Mjane hatoki hivyo mbele ya watu, nilitoka.

"Jogoo atakuja," nikasema. "Kwanza nisikilizeni nyote. Mjomba wangu hakusahau behewa la nne. Alikuja mbio akamwambia mume wangu, nilikuwepo, nilisikia kwa masikio haya. Aliapa. Mume wangu alicheka kwa sababu alidhani ni utani, na mimi nikacheka, nikasema aende akafie mbele. Kisha mjomba akachapwa kwa ajili yetu, nami nikanyamaza miaka minne. Msahaulifu hapa hayupo. Yupo mwoga, na ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Niliwaona wapakizi wawili wa siku ile wamesimama nyuma, mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Kweli. Na mimi nilisikia." Yule mwingine akatikisa kichwa kukubali, huku machozi yanamtoka. Ua mzima ukageuka kumtazama mzee aliyelala kwenye jeneza.

Mjomba alijiinua kwa kiwiko. Alinitazama. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Nyie watu," akasema, "mjane huyu nimemwomba jogoo, analeta maneno. Maneno yana mchuzi? Mnyamwezi amemharibu mtoto wa dada yangu, amemfundisha ubahili." Kisha taratibu, kwangu peke yangu ingawa wote walisikia: "Mlete jogoo, mwanangu. Yamekwisha."

Basi kilio na kicheko vikatoka pamoja, uani na ndani kwa wanawake. Jogoo alileta taabu, alikimbia mpaka nyuma ya choo, mjomba akasimama ndani ya jeneza anaelekeza watu namna ya kumshika. Alipokabidhiwa alimfunga miguu, akamweka kivulini, akajipangusa. Marehemu alipotolewa na kulazwa, vijana walitaka kumpumzisha mzee. Akawasukuma. Alishika mti wa mbele wa jeneza, akaingiza bega lake chini, bega la mtu wa umri ule, na mgongo ule, wakainua.

"Mnyamwezi," akasema kwa sauti yake ya zamani, ile ya kusikika stesheni nzima, "umebeba mizigo ya watu wote mpaka kichwa kimekuwa bapa. Leo ninakubeba mimi. Usizoee!"

Wakatoka naye. Mpaka wanapinda kona ya msikiti nilikuwa bado ninasikia sauti ya mjomba ikimtukana mume wangu.